Zawadi ya Mwalimu Isiyomwumiza Mzazi

Shule zinakaribia kufungwa, na pamoja na ripoti za watoto laja lile swali ambalo kila mwaka huzusha minong'ono mitaani: mwalimu tumpe nini? Katika barua nilizozipokea iko moja iliyonigusa kuliko nyingine zote. Imetoka kwa mama mmoja wa Mbagala, mwuza vitumbua, mwenye mtoto darasa la tatu. Aeleza kwamba wazazi wa darasa hilo wameunda kundi lao la WhatsApp, na viongozi wa kundi wameamua kila mzazi atoe shilingi 20,000 za zawadi ya mwalimu wa darasa. Kila jioni huandikwa orodha ya waliokwisha toa. Jina lake halimo, wala halitakuwamo, kwa sababu shilingi 20,000 ndiyo mtaji wake wa mchele, sukari na mafuta. Aongeza kwamba mwanawe amekwisha ulizwa na wenzake kwa nini mama yake hampendi mwalimu. Sasa aniuliza kama amekosa adabu.

Hakukosa hata kidogo. Waliokosa ni wale waliopanga kiwango bila kutazama mifuko ya wenzao, kisha wakaitundika aibu ya watu mahali ambapo kila mtu huisoma. Shukrani inayodaiwa kwa orodha imekwisha kuwa kodi, tena kodi isiyo na bunge lililoipitisha. Ada katika shule za msingi za Serikali ilifutwa mwaka 2001, na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliifuta ada hadi kidato cha nne na kuondoa michango ya lazima iliyokuwa ikiwarudisha watoto nyumbani. Ikiwa Serikali yenyewe imejizuia kumdai mzazi, watu kumi wenye simu wamepata wapi mamlaka ya kumdai?

Haya hebu tufanye hesabu kidogo, maana hesabu huondoa ubishi. Tuseme darasa lina watoto 90, jambo ambalo halimshangazi mtu katika miji yetu. Kila mzazi akitoa shilingi 20,000 zitapatikana shilingi 1,800,000. Hizo si za zawadi tena. Mwalimu mwenyewe akizikabidhiwa atashtuka, na mwalimu mkuu akisikia atauliza zinanunua nini. Lakini kila mzazi akitoa shilingi 500 tu, zitapatikana shilingi 45,000, fedha inayotosha kununua doti ya khanga ya kawaida na chupa ya chai ya kiasi. Hata nusu ya wazazi wasipotoa kitu, zimebaki shilingi 22,500, na doti ya khanga bado inapatikana. Yaani kiwango kidogo kinachowaingiza wote kina nguvu kuliko kiwango kikubwa kinachowagawa.

Jinsi ya kukusanya nayo ina busara yake. Wako wanaofikiri kwamba kutuma kwa simu ndiyo njia rahisi, lakini anayetuma shilingi 500 hukatwa, na makato kwa fedha ndogo kama hiyo humwumiza yule yule tuliyetaka kumpunguzia. Yafaa mzazi mmoja katika kila mtaa akusanye mkononi, watu wakutanapo bombani, gengeni au wanapowapokea watoto, kisha akabidhi kwa mweka hazina mmoja. Mweka hazina ana daftari lake, lakini daftari hilo ni la jumla na matumizi. Si la kutangaza nani katoa ngapi. Katika misiba na harusi zetu tumezoea kusomewa majina, na huko sina ugomvi nako. Lakini harusini mtoto wa darasa la tatu hatanyanyaswa kesho yake kwa sababu ya jina lililokosekana. Darasani atanyanyaswa.

Nisieleweke kwamba ninaipinga zawadi. Watu wetu hawakuanza jana kumshukuru mwalimu. Mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma na kuamua kwamba watoto wote wa rika la shule wawe wameanza masomo ifikapo mwisho wa mwaka 1977 badala ya kungoja mwaka 1989, walimu walitafutwa kwa maelfu, wengi wao vijana waliofundishwa kazi huku wakiifanya. Vijana hao walipelekwa mahali pasipokuwa na nyumba wala duka. Waliowaweka hai ni wazazi wa vijiji vile: debe la mahindi, kuku, mkono wa ndizi, mzigo wa kuni. Hakuna aliyeuita mchango, na hakuna aliyeandikiwa jina. Hata nchi nzima, ilipotafuta jina la heshima la kumwita Rais wake wa kwanza, haikuona kubwa kuliko lile la kazi aliyoifanya Tabora na Pugu kabla ya kuiacha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa.

Mwalimu wa mjini wa leo hana shida ya kuni, lakini ana zake. Huenda amepanga chumba mbali na shule, akaamka saa kumi za alfajiri ili apande daladala mbili. Siku nzima anasimama, anazungumza kwa sauti ya kumfikia mtoto wa dawati la mwisho, na anavuta vumbi la chaki. Jioni ana madaftari. Kama darasa lina watoto 90 na kila daftari lahitaji dakika mbili tu kusahihishwa, hizo ni dakika 180, saa tatu kamili, na hilo ni somo moja. Anayetaka kujua ampe mwalimu zawadi gani aanze kwa kuitazama siku hiyo.

Ila kabla ya kufika dukani lipo jambo moja zito la kulimaliza. Zawadi na hongo hufanana sura, na tofauti yake aghalabu iko katika wakati na katika nia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haimtazami mpokeaji peke yake. Yule anayetoa kitu ili mtumishi atende au asitende jambo la kazi yake naye ana kosa. Mzazi anayepeleka bahasha wiki ya mtihani wa muhula anajua anachokinunua, na mwalimu anajua anachouzwa, hata kama wote wawili wataiita asante. Ajabu ni kwamba wengine hufanya hivyo hata kabla ya mtihani wa darasa la saba, wakati mtihani huo hausahihishwi na mwalimu wa darasa. Hutungwa na kusimamiwa na Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973, na karatasi za watoto huondoka shuleni. Bahasha hiyo hainunui kitu ila aibu.

Kwa hiyo kikundi cha wazazi na kiweke kanuni chache na kuzishika. Zawadi itolewe baada ya mitihani kwisha na alama kuandikwa, si kabla. Itolewe na wazazi wote kwa jina la darasa, si na mzazi mmoja kwa jina la mwanawe. Mwalimu mkuu aarifiwe, na ikabidhiwe mchana mbele ya watu. Isiwe fedha taslimu. Jambo linaloweza kufanyika mbele ya mwalimu mkuu na watoto wote ni nadra likawa rushwa. Linalohitaji kona ya jengo lina mashaka tayari.

Zawadi ya kikundi ina faida nyingine isiyosemwa sana. Baba mmoja akimpelekea mwalimu wa kike chupa ya manukato, hata nia yake ikiwa safi kama maji ya mvua, mtaa utasema, na nyumbani kwa mwalimu huenda kukawa na maswali. Mama akimpa mwalimu wa kiume shati, ni vivyo hivyo. Kitu hicho hicho kikitoka kwa wazazi 90 hakina mnong'ono. Hata hivyo manukato, nguo za ndani na mapambo ya mwilini tuwaachie wenye haki ya kuwapa.

Sasa twende dukani. Wengi watakimbilia khanga, nami siwalaumu. Khanga ni zawadi iliyokamilika: hupimwa kwa doti, haina haja ya vipimo vya mwili, huvaliwa nyumbani, hubebea mtoto, hujifunikwa usiku, na ikichakaa huwa tambara lenye manufaa. Wenye umri wangu wanazikumbuka zile za Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968, ambazo mtu alizipanga foleni. Lakini anayekwenda kununua khanga ya mwalimu asitazame pindo na mji tu akasahau jina. Jina la khanga husema, na watu wetu wanasoma. Fikirini kikundi cha wazazi kinamvika mwalimu wao, mbele ya shule nzima, khanga iliyoandikwa kwamba shukrani ya punda ni mateke! Punda hapo ni nani? Yako majina ya mafumbo yaliyotungwa kwa ajili ya wake wenza na majirani wasiopatana. Hayo yana soko lake, lakini si shuleni. Tafuteni jina la wema, la elimu, la dua au la shukrani isiyo na punda ndani yake. Muuzaji wa Kariakoo atawatolea rundo zima mkimweleza mnachotaka, na msione haya kumwomba azifungue moja moja.

Jambo dogo linaloitukuza khanga ni kuikata na kuipinda. Dukani huuzwa ikiwa vipande viwili vilivyoungana, mipaka haijapindwa. Katika wazazi 90 hakosekani mwenye cherehani. Akizikata, akazipinda na kuzipiga pasi, zawadi itakuwa imekwisha pita katika mikono ya mtu, nayo huonekana. Kwa mwalimu wa kiume, kitambaa cha kitenge cha shati kinatosha, mradi fundi awe amekubali kukishona bure au kwa bei ya wazazi mwalimu mwenyewe atakapokwenda kupimwa. Kumpa mtu kitambaa bila kumwonyesha fundi ni kumpa gharama mpya.

Chupa ya chai ni zawadi nzuri hasa ikiwa kubwa na ikiwekwa katika chumba cha walimu, mahali ambapo itawahudumia wote. Mwavuli nao husahauliwa. Mwalimu anayeshuka kituoni wakati wa masika au vuli na kutembea hadi shuleni kwa miguu, mkoba wa madaftari begani, atawakumbuka kila mvua inaponyesha. Tena katika mji kama Dar es Salaam mwavuli ni wa jua pia. Kikapu cha ukili kilichofumwa imara, chenye mdomo mpana wa kuingiza madaftari, hupita mikoba mingi ya plastiki inayokatika mikanda kabla ya Pasaka.

Kalamu nyekundu zaonekana jambo la dhihaka, lakini mwulizeni mwalimu yeyote ni ngapi zinakwisha katika muhula mmoja. Boksi moja la kalamu nyekundu, daftari kubwa lenye jalada gumu kwa ajili ya maandalio ya masomo, bahasha za kuhifadhia karatasi, mkasi na gundi ya kutengenezea zana za kufundishia: mwalimu akivikosa hivyo mara nyingi huvinunua kwa fedha yake, na mzazi hajui. Ningependa hata hivyo visiwe ndiyo zawadi yote. Kumpa mtu vifaa vya kazi peke yake ni kama kumpa mkeo mwiko siku ya Idi. Vifaa viende pamoja na kitu kimoja cha kumstarehesha yeye mwenyewe, hata kama ni paketi ya majani ya chai na kilo mbili za sukari.

Vyakula vinapokelewa vizuri siku zote, lakini vina masharti. Mchele, sukari, unga na mafuta havihitaji maelezo. Kuku wa hai ni heshima kubwa kijijini. Mjini, mwalimu atakayepanda naye daladala mbili saa kumi na moja jioni atakuwa amepewa mtihani. Mkate wa kumimina, visheti na maandazi huweza kupikwa na akina mama wachache kwa gharama ndogo, ila ulizeni kwanza kama ni mwezi wa Ramadhani. Sinia la maandazi likiingia chumba cha walimu saa nne asubuhi wakati nusu yao wamefunga, hata maneno matamu ya kadi hayatalisahihisha.

Hapo tumegusa suala la sikukuu, nalo linahitaji uangalifu. Baadhi ya vikundi hupeleka zawadi za Krismasi kwa sababu Desemba ndiyo shule hufungwa, na huona limekwisha. Lakini darasa moja lina watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, na walimu vile vile. Idi haina mwezi mmoja katika kalenda ya ukutani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, ndiyo sababu Idi el Fitri iliangukia Januari na tena Desemba katika mwaka 2000, na mwaka 2024 ikawa Aprili. Kikundi kitakachotaka kufuata sikukuu zote kwa zawadi kitakuwa kikichangisha mwaka mzima, na kitakachofuata moja kitakuwa kimemwacha mtu. Kwa maoni yangu zawadi ya fedha iwe moja tu kwa mwaka, ya kufunga shule, isiyo na jina la dini. Sikukuu zitoshelezwe na salamu: watoto waandike kadi za Idi kwa mwalimu wa Kiislamu na za Krismasi kwa mwalimu wa Kikristo, na watoto wa dini zote waziandike zote. Kadi ya karatasi ya daftari iliyochorwa kwa kalamu za rangi haina gharama ya kuzungumzia.

Siku nyingine inayofaa kwa salamu ni tarehe 5 Oktoba. Siku kama hiyo mwaka 1966, mkutano ulioitishwa Paris na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi la Kimataifa ulipitisha mapendekezo kuhusu hadhi ya walimu, haki zao na wajibu wao, na tangu mwaka 1994 dunia huiadhimisha kuwa Siku ya Walimu. Huangukia katikati ya muhula wa pili, watoto wakiwa shuleni, na haigongani na pilikapilika za Desemba. Vikundi vingi vya wazazi haviijui kabisa.

Nataka nikae kidogo kwenye zawadi zisizonunuliwa, kwa sababu hapa ndipo wazazi wafanyakazi wana utajiri wasiouhesabu. Yule mama wa vitumbua hana shilingi 20,000, lakini ana mikono inayojua kazi. Katika darasa moja utamkuta seremala, mchomeleaji vyuma, mshona nguo, mpaka rangi, fundi umeme, kinyozi, dereva. Jumamosi moja ya watu hao yaweza kuliacha darasa likiwa darasa jingine. Meza ya mwalimu inayoyumba hukazwa miguu. Madawati yaliyovunjika hupigwa misumari au kuchomelewa. Ubao uliochakaa hata chaki ikawa inateleza husuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi ya ubao, nayo kopo moja hutosha ubao mpana. Mshona nguo huchukua vipande vya blanketi kuukuu, akavifunga juu ya kibao cha seremala, vikawa dasta nzuri kuliko za dukani kwa gharama ya misumari tu. Huyo huyo aweza kumshonea mwalimu koti jepesi la kuvaa darasani, ili vumbi la chaki libaki kwenye koti, lisiende nalo nyumbani kwenye nguo zake. Kazi za namna hii ni lazima zipitie kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, maana jengo lina mwenyewe, na fundi anayefungua swichi bila ruhusa huleta hasara mahali pa shukrani. Mzazi asiyekuwa na ufundi huja na ndoo ya maji na fagio, au na sufuria ya uji wa mafundi. Huyo naye ametoa, tena kuliko aliyebonyeza simu akiwa kitandani.

Na iko zawadi ambayo haina gharama kabisa, na ambayo kwa kadiri ya walimu niliozungumza nao hutunzwa miaka mingi kuliko khanga. Ni barua. Chukueni daftari moja, kila mtoto apewe karatasi moja, aandike jambo moja tu alilofundishwa mwaka huu ambalo hakulijua. Asiandike kwamba mwalimu ni mzuri. Hilo huandikwa na wote na halimwambii mwalimu kitu. Aandike kwamba sasa anajua kutoa kwa kuazima, au kwamba alikuwa akiogopa kusoma kwa sauti na sasa haogopi, au kwamba siku ile alipoumwa tumbo mwalimu alimpa maji. Wa darasa la kwanza asiyejua kuandika vizuri amwambie kaka yake, kisha achore picha chini. Karatasi zishonwe kwa sindano na uzi, zitiwe jalada la boksi. Makosa ya tahajia yaachwe yalivyo. Tafadhalini wazazi, msiwaandikie.

Wazazi nao waandike yao, na hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Barua moja fupi kwa mwalimu mkuu, nakala kwa Afisa Elimu Kata, iliyotiwa saini na wazazi wengi kadiri inavyowezekana, ikieleza mwalimu fulani amefanya nini katika darasa fulani. Ofisi zetu hupokea malalamiko kila siku: mwalimu kachelewa, mwalimu kampiga mtoto, mwalimu hakuja. Ni haki kulalamika panapostahili. Lakini mwalimu anayewahi kila siku kwa miaka kumi jalada lake huweza kuwa halina hata karatasi moja ya kumsifu, kwa sababu anayefanya kazi vizuri hana tukio la kuandikia barua. Barua ya pongezi haihitaji hata ndururu, mwenye vitumbua na mwenye duka huitia saini pamoja, na hubaki katika jalada baada ya sukari kwisha. Iwe na tarehe, majina na mambo yenyewe: kwamba alibaki jioni na watoto wasioweza kusoma bila kuwatoza fedha, kwamba wangapi wao sasa wanasoma. Kama hamna uhakika wa idadi msiitaje.

Kuna watu wanaosahauliwa kila mwaka. Mwalimu wa darasa ndiye huonekana, na mwalimu wa darasa la awali, ambaye huwafuta watoto machozi na makamasi na kuwafundisha kushika kalamu, hupitwa. Yupo mwalimu wa kujitolea asiye na mshahara wa Serikali. Yupo mpishi wa uji, mfagiaji, na mlinzi anayewazuia watoto wasikimbilie barabarani. Kikundi kikiwa na shilingi 45,000 si lazima zote zimwendee mtu mmoja. Doti ya khanga kwa mwalimu, kipande cha sabuni na kilo ya sukari kwa mpishi, kilo ya sukari kwa mlinzi: hesabu hiyo inawezekana. Na kama shuleni yupo mwalimu wa kujitolea, mimi ningempa yeye fungu lililo zito zaidi, hata kama wa darasa atapata kalamu na barua. Nadhani mwalimu mwenyewe atakubali. Nao hula pamoja katika chumba kimoja.

Pia madarasa mengine yasisahauliwe. Darasa la sita B likimpa mwalimu wake godoro na darasa la sita A likampa wake kalamu, mmewapiganisha watu wawili wanaokaa meza moja. Ni bora wenyekiti wa vikundi vyote wakutane mara moja mnamo Oktoba, wakubaliane juu ya kiwango cha juu ambacho hakuna darasa litakalokipita. Katika shule ndogo huenda ikafaa zaidi kuwa na kikundi kimoja tu na zawadi ya aina moja kwa walimu wote.

Siku ya kukabidhi iwe fupi. Watoto wamesimama juani, na hotuba za wenyeviti hazina mwisho zikishaanza. Mtoto mmoja aseme maneno mawili, achaguliwe kwa kura ya bahati na si kwa sababu mama yake ndiye mweka hazina. Zawadi itolewe, makofi yapigwe, watoto waende nyumbani. Msimlazimishe mwalimu kuifungua hapo hapo, wala kupiga naye picha 90. Hesabu ya fedha ibandikwe siku hiyo hiyo kwenye kundi la wazazi pamoja na stakabadhi za dukani: zilipatikana ngapi, zimetumika ngapi, zimebaki ngapi. Zilizobaki zisigeuke soda za kamati. Kama ni shilingi 3,000, zinunue chaki za rangi za muhula ujao, au zikae kwa mweka hazina zikiwa zimeandikwa.

Kuhusu mama wa Mbagala, nimemjibu kwa barua pia. Nimemshauri ampelekee mweka hazina shilingi 500 zake mkononi, amwambie kwa upole kwamba hicho ndicho alicho nacho, na ajitolee kupika vitumbua vya chai ya walimu siku ya kufunga shule ikiwa wenzake watachangia mchele. Wenye makundi kama lile nawaomba waifute ile orodha leo, kabla jua halijatua. Haitawachukua dakika moja.

Jumapili ijayo tutazungumzia sare na viatu vya shule: vipi kununua kabla ya msongamano wa Januari, na jinsi ya kupima mguu wa mtoto anayekua ili kiatu kifike mwezi wa sita. Wenye maswali juu ya hilo wayalete mapema.